Kiasi na Shabaha: Habari ya Risasi Tatu za Mwaka 1874

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno moja kwa vitu viwili. Kipimo walikiita kiasi, na lile fungu la baruti na risasi linaloingizwa katika bunduki nalo wakaliita kiasi, kiasi cha bunduki. Aliyewahi kuona gobori likishindiliwa hatauliza sababu. Baruti hutiwa kwa mdomo wa mtutu, ikafuatwa na kitambaa, kisha risasi, na vyote vikagandamizwa kwa mdeki. Baruti ikipungua, risasi yaanguka njiani. Ikizidi, mwenye bunduki huumia kabla ya anayelengwa. Kitu chenyewe kilikuwa ni kipimo, na jina likakaa mahali pake.

Neno hilo lilinijia nilipokuwa nikisoma habari za watu wa mbali waliofanya kazi ya kushindilia kuwa elimu nzima yenye mizani yake, vitabu vyake na mabingwa wake. Watu hao ni wapiga shabaha wa Marekani na wa Ayalandi katika karne ya 19. Katika mwaka mmoja tu, mwaka 1874, zilipigwa huko Amerika risasi tatu ambazo mpaka leo zasimuliwa. Zote tatu zilikwenda masafa ya kustaajabisha. Ya kwanza ilimwangusha mtu, ya pili ilipiga pale pale ilipolengwa na isihesabiwe kitu, na ya tatu ilipigwa na mkono unaotoka damu. Nataka nikusimulie zote, ndugu msomaji, lakini huwezi kuzifahamu vizuri kabla hujajua kazi inayofanyika usiku, mbali na macho ya watazamaji.

Siri ya masafa marefu imo katika mambo mawili. La kwanza ni ile mifereji ya kuzunguka iliyochongwa ndani ya mtutu, ambayo huizungusha risasi kama pia itupwayo kwa uzi, ikenda imenyooka. Hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki, na mpiga shabaha huinunua kwa pesa. La pili halinunuliwi. Nalo ni usawa: kila risasi iwe pacha wa ile iliyoitangulia, kwa uzito, kwa umbo, na kwa baruti inayoisukuma. Risasi moja ikitoka kwa mwendo uliopungua kidogo tu kuliko wa mwenzake, kwa yadi 100 hutaona tofauti yoyote. Kwa yadi 1000, ambazo ni karibu kilomita nzima, imekwisha anguka chini ya shabaha, kwa kuwa imekaa hewani muda mrefu zaidi na ardhi imepata nafasi ya kuivuta.

Kwa hiyo wakapima. Uzani wao waitwa punje, kwa kuwa asili yake ni punje ya nafaka, na ratili moja ya Kiingereza ina punje 7,000. Sonara apimaye dhahabu ya bibi harusi huku mama mkwe amemkodolea macho ataifahamu kazi hii mara moja. Risasi za mashindano zilikuwa nzito, nyingine zikizidi punje 500, nazo zilimwagwa moja moja katika kalibu. Iliyotoka na tundu la hewa ndani yake, hata kama kwa nje yang'aa, mizani iliifichua, ikarudishwa chunguni kuyeyushwa tena. Zilizofaulu zilivikwa karatasi nyembamba ili madini laini yasipakae mtutu. Baruti nayo ilipimwa kwa kila risasi mbali mbali.

Kisha likaja ganda la shaba ya manjano, na hapo ndipo kushindilia upya kulipopata maana yake kamili. Ganda likisha kupigwa halitupwi. Fataki iliyotumika hutolewa matakoni mwake, ganda likaoshwa masizi, likakaushwa, likatiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa, na risasi. Bali mabingwa waligundua ya kwamba ganda lililokwisha pigwa mara moja katika bunduki ile ile ni bora kuliko jipya la dukani, kwa sababu moto wa mara ya kwanza umelitanua likachukua umbo la chumba cha bunduki hiyo, na likirudi humo hukaa kama mguu katika kiatu kilichokwisha zoea mguu.

Sasa tuingie katika habari yetu. Watu waliokuwa wakikaa usiku karibu na moto wakiyeyusha madini na kujaza maganda walikuwa wa namna mbili, na hawakufanana hata kidogo. Wa kwanza walikuwa wawindaji wa nyati katika nyika za Texas na Kansas.

Nyati wa Amerika si huyu wetu wa pembe pana. Ni mnyama mkubwa mwenye nundu na manyoya mazito, naye alitembea katika nyika zile kwa makundi ya mamilioni. Makabila ya wenyeji, kama Wakomanche, Wakiowa na Wacheyenne, walimla nyama, wakavaa na kujengea mahema kwa ngozi yake, na mifupa yake wakaifanya vyombo. Mnamo mwaka 1871 hivi, viwanda vya ngozi viligundua namna ya kuilainisha ngozi ya mnyama huyu ikafaa kwa mikanda ya mashine. Bei ikapanda, na wawindaji wakamiminika na magari ya farasi yaliyojaa mapipa ya baruti, vipande vya madini ya risasi, kalibu na fataki. Bunduki waliyoipenda ilikuwa ile ya kiwanda cha Sharps, nzito, yenye kupiga mbali. Mwindaji hodari alijificha mbali na upande wa pili wa upepo, akampiga kwanza yule aongozaye kundi. Waliobaki, kwa kukosa kiongozi, walizunguka zunguka pale pale bila kukimbia, akawamaliza mmoja mmoja mpaka mtutu ukashika moto na kuhitaji kupozwa. Ngozi zilichunwa, nyama ikaachwa kuoza. Usiku akashindilia maganda yake kwa ajili ya kesho.

Kiasi chake kilikuwa sahihi. Hilo hatuwezi kumnyima. Watu hawa hawakuwa wazembe. Walipima baruti kwa uangalifu ambao wengi wetu hatuutumii hata katika kupima mchele wa jirani aliyekuja kukopa.

Kwa mkataba wa Medicine Lodge wa mwaka 1867, serikali ya Marekani iliwaachia makabila haki ya kuwinda kusini ya mto Arkansas. Wawindaji wa ngozi wakavuka hata hivyo, wakafungua kituo cha biashara mahali paitwapo Adobe Walls, kaskazini mwa Texas. Alfajiri ya tarehe 27 Juni 1874, mamia ya wapanda farasi wa Kikomanche, Kicheyenne na Kikiowa waliwavamia. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa kijana Quanah Parker, na pamoja naye mganga mmoja, Isatai, aliyewaahidi ya kwamba risasi za wazungu hazitawadhuru. (Sisi pia, katika Afrika ya Mashariki, twaijua ahadi ya namna hiyo, na twajua ilivyowagharimu watu wa Majimaji mwaka 1905.) Ndani ya kituo walikuwamo watu wapatao thelathini tu, lakini walikuwa ni wapigaji wa masafa marefu wenye maganda tele, na washambuliaji wakarudishwa nyuma kwa hasara.

Siku ya pili au ya tatu baada ya hapo wapanda farasi kadhaa walisimama juu ya kilima cha mbali wakitazama kituo. Mwindaji mmoja kijana, Billy Dixon, akaazima bunduki kubwa ya Sharps, akalenga, akapiga. Ikapita kitambo, kisha mmoja wao akaanguka kutoka juu ya farasi wake. Inasimuliwa kuwa umbali ule ulipopimwa baadaye ulipatikana yadi 1,538. Wako wanaobishana juu ya hesabu hiyo mpaka leo. Dixon mwenyewe, na hili namsifu kwalo, hakujivuna. Alisema ilikuwa ni bahati tu. Hiyo ndiyo risasi ya kwanza.

Watu wa namna ya pili walikuwa mabwana wa mjini. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865, maofisa wa jeshi la kaskazini waliona haya jinsi askari wao walivyokuwa hawajui kulenga, na mwaka 1871 wakaunda chama cha kitaifa cha bunduki huko New York. Wakanunua shamba la watu wa ukoo wa Creed katika kisiwa cha Long Island, wakalifanya uwanja wa shabaha, wakauita Creedmoor. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1873. Mwaka huo huo Waayalandi walishinda ngao ya Elcho huko Wimbledon, wakiwapiga Waingereza na Waskoti, na kwa furaha ya ushindi huo jemadari wao, Meja Arthur Leech, akatangaza katika gazeti la New York ya kuwa yuko tayari kushindana na Wamarekani.

Wamarekani wakakubali kabla hata hawajawa na bunduki za kushindania. Viwanda viwili, Remington na Sharps, vikaahidi kuzitengeneza. Sharps huyo ndiye yule yule aliyewauzia wawindaji wa nyati.

Tofauti ya makundi mawili ilikuwa hii. Waayalandi walitumia bunduki za kushindiliwa kwa mdomo, gobori kwa asili yake, lakini gobori la fundi John Rigby wa Dublin, ambaye naye alikuwamo kikosini. Walimimina baruti kwa mrija mrefu ili isigande pembeni mwa mtutu, wakateremsha risasi taratibu, na kila baada ya kupiga wakasafisha mtutu upya. Wamarekani walitia ganda la shaba kwa nyuma. Mabingwa wa Ulaya waliona ganda ni chombo cha askari mwenye haraka. Usahihi wa kweli, walisema, ni wa mdeki.

Mashindano yakawa tarehe 26 Septemba 1874 mbele ya maelfu ya watazamaji. Kila upande ulikuwa na watu sita, kila mtu risasi 15 kwa yadi 800, nyingine 15 kwa 900, na 15 za mwisho kwa 1000. Shabaha zilikuwa za chuma, na kitovu chake ni mraba wa futi tatu kwa tatu, ambao kwa umbali ule mbele ya macho matupu ni mdogo kuliko kichwa cha sindano. Darubini zilikatazwa. Aliyepiga kitovu alipata alama 4.

Katikati ya mashindano, Mwayalandi J. K. Milner alijilaza, akatuliza pumzi, akapiga. Risasi ikaingia kitovuni. Kiasi kilikuwa sahihi, upepo aliukadiria sawa, mkono haukutikisika. Lakini shabaha zilisimamishwa kwa safu, na ile aliyoipiga haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani. Waamuzi wakaandika sifuri.

Niruhusu nisimame hapa kidogo, kwa kuwa katika risasi tatu hizi ni hii ya Milner inayonikaa moyoni. Lau angekosa kwa ajili ya baruti mbaya tungesema azidishe uangalifu. Lau mkono ungetetemeka tungesema azidishe mazoezi. Hakukosa lolote katika hayo. Kazi yote ya usiku, ya mizani na kalibu na karatasi, ilifika salama mahali ambapo haikutakiwa. Uangalifu wa kupima wapaswa kutanguliwa na swali jingine, jepesi sana hata mtu huona haya kuliuliza: hii niitazamayo ndiyo yangu? Mizani haiwezi kumjibu. Ndiyo maana wanavyuoni wetu huanza vitabu vyao kwa mlango wa nia kabla ya mlango wa tohara na wa sala.

Dini yetu haikuchukia kulenga. Imepokewa kwa Uqba bin Amir katika Sahihi Muslim ya kuwa Mtume (S.A.W.) juu ya mimbari aliifasiri nguvu iliyoamrishwa katika Sura ya Al-Anfal kuwa ni kupiga mishale, akalikariri hilo mara tatu. Lakini katika Sahihi hiyo hiyo limepokewa katazo la kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na kisa cha Ibn Umar aliyewapita vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wakimlenga, hali wamemwahidi mwenye ndege kumpa kila mshale utakaokosa. Walipomwona wakatawanyika. Vijana wale bila shaka walikuwa wakijifundisha jambo ambalo asili yake ni jema, na wengine wao huenda walikuwa hodari. Wakapata walichokipata cha lawama kwa ajili ya kile kilichosimama mwisho wa mshale.

Turudi Creedmoor. Jioni Waayalandi walikuwa wamekwisha piga zote, wana alama 931. Wamarekani walikuwa na 930, wamebakiwa na mtu mmoja na risasi moja. Mtu huyo alikuwa Kanali John Bodine. Muda mfupi kabla ya zamu yake alipewa chupa ya kinywaji cha tangawizi. Chupa ikavunjika, kigae kikamkata mkono. Damu ikawa inatiririka. Akaufunga kwa leso, akajilaza kifudifudi, akalenga yadi 1000. Watazamaji wote wakanyamaza, risasi ikaondoka, na baada ya kitambo kile kirefu cha kungoja likainuliwa bamba jeupe: kitovu. Alama 934 kwa 931.

Fanya hesabu mwenyewe. Tofauti ni alama 3. Ile risasi ya Milner ilikuwa na thamani ya alama 4.

Magazeti yaliandika kuwa ganda la shaba limeushinda mdeki, na viwanda vikauza bunduki nyingi kwa jina la siku ile. Mimi naona siku ile haikuthibitisha jambo hilo hata kidogo, ingawa wenye ganda walishinda tena mwaka 1875 huko Dollymount, karibu na Dublin, na baada ya hapo ubishi ukapoa. La kupendeza zaidi ni kwamba Meja Leech alikuwa amewaletea wenyeji wake birika la fedha la Kiayalandi kuwa zawadi kwa wapiga shabaha wa Marekani, naye kwa kushindwa hakunung'unika. Birika hilo lingali likishindaniwa.

Elimu ya kushindilia iliendelea. Katika mji wa Milford, jimbo la Massachusetts, aliishi Dakta Franklin Mann, aliyesomea udaktari lakini akapata mali kwa mashine ya kusaga mifupa ya kulishia kuku. Mali hiyo aliitumia kuuliza swali moja kwa miaka mingi: kwa nini risasi mbili zinazofanana hazipigi tundu moja? Ili kuondoa lawama kwa mkono wa binadamu, alijenga nguzo ya saruji akafunga mtutu juu yake. Akatundika karatasi moja baada ya moja katika njia ya risasi apate kuona mwendo wake. Kisha akaziharibu risasi kwa makusudi, nyingine mbele na nyingine nyuma. Akaona ya kwamba risasi iliyochubuliwa pua yaendelea karibu sawa na nzima, ama iliyochubuliwa kisigino hupotea. Upande ambao watu huusafisha na kuutazama haukuwa na neno. Kasoro ilikuwa kule nyuma kusikotazamwa, mahali pa mwisho panapoachana na mtutu. Aliyaandika hayo yote katika kitabu mwaka 1909, na wanaoshindilia kwa mkono wangali wakikisoma.

Leo mizani yao ni ya umeme, na wapo wanaopima hata sehemu ndogo ya punje moja. Mwaka 2007 kampuni ya Hornady ilitoa kiasi kipya cha masafa marefu ikakiita kwa jina la Creedmoor. Uwanja wenyewe haupo tena. Serikali ya jimbo iliuchukua, na tangu mwaka 1912 pana hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo imebaki na jina lile lile.

Imebaki habari ya nyati. Kundi la kusini lilikwisha kabla ya mwaka 1880, na la kaskazini miaka michache baadaye. Kiwanda cha Sharps nacho, kufikia mwaka 1881, kilikuwa kimefungwa. Quanah Parker, ambaye watu wake walikosa cha kula, alijisalimisha mwaka 1875. Mwaka 1889 William Hornaday wa jumba la makumbusho la Smithsonian aliwahesabu nyati waliosalia katika Amerika Kaskazini nzima, akapata yapata elfu moja. Hornaday huyo baadaye akawa mkuu wa bustani ya wanyama ya New York, akafuga kundi dogo humo mjini, si mbali sana na uwanja ule wa Creedmoor.

Oktoba 1907 alichagua kumi na watano, madume sita na majike tisa, wakatiwa katika mabehewa ya garimoshi, wakasafirishwa siku kadhaa mpaka Oklahoma, kwenye milima ya Wichita iliyokuwa nchi ya Wakomanche. Garimoshi liliposimama katika kituo cha Cache, watu walikuwa wamekusanyika kuwangojea. Wazee walikuja na wajukuu zao ambao hawakuwahi kumwona mnyama huyo. Quanah Parker alikuwapo.